Sheria Aliyoiandika Walter Kinnaird

Mungo Tulloch alipofika kwenye ngome ya Balgarvie, watu wa Lodi Balmerrick walikuwa wamekwisha kuleta kamba. Waliitundika juu ya lango la ngome, pale ambapo mwenye nyumba angeiona kila akichungulia dirishani, nao wenyewe wakaketi chini yake wakila jibini na kutema mate ukutani.

"Naibu hakimu!" mmoja akamwita bila kuinuka. "Umechelewa. Sisi tumeshahukumu."

"Basi mmenipunguzia kazi," Mungo akajibu akishuka kwenye farasi. "Imebaki kuthibitisha tu. Ishusheni hiyo kamba."

"Bwana wetu kasema ibaki."

"Bwana wako si hakimu wa jimbo hili la Fife. Nikitoka ndani nikaikuta hapo, nitamfunga aliyeitundika."

Wakatazamana. Mmoja akacheka, mwingine akasonya, lakini kamba ilishuka.

Aliyekufa alikuwa Thomas Pettigrew, mchungaji wa kanisa la mjini. Jana asubuhi, ukungu wa bahari ukiwa haujainuka, alikutwa katika bustani ya matofaa nyuma ya ngome, kisu kimezama kifuani, na kisu chenyewe kilikuwa na nembo ya mwenye ngome kwenye mpini. Huyo mwenye ngome ni Walter Kinnaird, mjumbe wa Baraza la Malkia, mtu aliyesimama Bungeni mbele ya maaskofu na kuwaambia usoni kwamba zama zao Uskoti zimekwisha. Ndiye pia mmoja wa walioandika sheria ya kupiga marufuku misa ya Kikatoliki. Na Jumapili iliyopita, kutoka mimbarani, Pettigrew alimtaja kwa jina na kusema kwamba nyumba ya mzee huyo sasa inanuka upapa. Mji mzima uliunganisha kisu na mahubiri kabla hata maiti haijapoa.

Mungo alianza na maiti. Walikuwa wameilaza kwenye banda la kutengenezea pombe, juu ya meza ndefu, na mpishi wa nyumba hiyo, mama mmoja mnene aitwaye Girzel, alisimama kando yake na taa, mdomo kaufumba kama mtu aliyeapa kutosema.

"Nimulikie kifuani, mama."

Jeraha la kisu lilikuwa pana, lakini shati halikuwa na damu ya kutosha kuchafua hata kitambaa cha mkono. Mungo alikuwa amepigana vita viwili na Waingereza; aliwahi kuona watu hai wakichomwa visu, na aliwahi kuona maiti zikichomwa na watu wenye hasira. Akapitisha vidole kisogoni. Mfupa ulibonyea.

"Alikufa kwanza," akasema. "Kisu kilikuja baadaye. Sasa nimulikie miguuni."

Girzel akasogeza taa. Nyayo za buti za mchungaji zilikuwa na vumbi jeupe tu. Hapakuwa na tope, na kule bustanini tope lilimfika mtu kwenye kifundo. Vumbi lile lile lilikuwa kwenye nywele za kisogoni, limegandana na damu. Mungo akalishika kwa kidole kilicholowa. Baada ya muda kidole kikaanza kuwasha.

"Chokaa mbichi. Nani alimwona wa kwanza?"

"Hob Gourlay, msimamizi wa Lodi Balmerrick. Alikuwa anapita na mikokoteni ya mawe wanayoyabomoa kule abasia, nyumba ya zamani ya watawa. Akaja langoni anapiga kelele, 'Tokeni! Mchungaji kachomwa kisu cha Kinnaird!' Ndipo nikatoka mbio."

"Alikuwa amelalaje?"

"Ubavu, bwana. Joho limemfunika mpaka kidevuni, kama mtoto aliyefunikwa na mamake. Mimi ndiye niliyelifunua."

"Kabla hujalifunua, kisu kilionekana?"

"Kingeonekanaje, na joho lenyewe zito namna hii? Nilipofunua nikakiona, nikakaa pale pale topeni."

Mungo alimfunika mchungaji, akafuata njia ya jikoni kuelekea ukumbini. Mezani jikoni palikuwa na mnofu wa ng'ombe uliokatwa kwa chakula cha mchana, na kando yake sahani ndogo ya mti yenye samaki wa chumvi na mkate wa shayiri.

"Leo Ijumaa," Mungo akasema.

"Ndiyo, Ijumaa."

"Na bwana wako anakula nyama?"

"Anakula, tena dirisha likiwa wazi, watu wamwone haachi nyama Ijumaa kama Wakatoliki. Ndiyo dini mpya hiyo."

"Samaki wa nani, basi?"

Girzel akaichukua sahani, akaifunika kwa kitambaa. "Wa paka," akasema, akimkazia macho kumtaka athubutu kuuliza tena.

Walter Kinnaird alimpokea amesimama. Alikuwa mrefu, mkavu, ndevu nyeupe zimekatwa fupi, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa mpaka kwenye vidole. Mungo aliutazama mkono huo kabla ya kumtazama usoni, na mzee aliliona hilo.

"Wanasema nje kwamba Pettigrew aliniuma," Kinnaird akasema. "Wengine wanasema alinikata. Wewe unachagua lipi?"

"Sijachagua, mheshimiwa. Kisu ni chako?"

"Changu."

"Kilitokaje nyumbani mwako?"

"Hakikutoka hapa. Mwezi uliopita tuliitwa nyumbani kwa Balmerrick kule Edinburgh, sisi wajumbe, tugawane ardhi za abasia. Silaha tukaziacha mlangoni, kama desturi. Nikasema ardhi hizo ziende kwa shule na kwa maskini, kama tulivyoahidi tulipowafukuza watawa. Wakacheka. Nikatoka."

"Bila kisu?"

"Nilikikumbuka nikiwa barabarani. Ningerudi, wangedhani nimerudi kuomba radhi."

"Nani atathibitisha?"

"Balmerrick," Kinnaird akasema, akatabasamu upande mmoja. "Kamuulize."

"Na Pettigrew? Kwa nini alikusema kanisani?"

"Kwa sababu aliamini alichokisema. Alikuwa mtu mgumu, lakini si mnafiki. Jumanne alikuja hapa tukagombana mpaka mbwa wakakimbia. Tulipochoka kugombana juu ya dini, nikamwonyesha ni nani anayeila abasia. Kisha akasema, 'Jumapili ijayo nitamtaja Balmerrick kama nilivyokutaja wewe. Ila kwanza nitakwenda kuona kwa macho yangu.' Tukapeana mikono. Ndiyo mara ya mwisho kumwona."

"Jana alfajiri ulikuwa wapi?"

"Hilo sijibu."

"Mheshimiwa, yule bibi anayemtunzia mchungaji nyumba kaniambia alitoka jogoo wa kwanza wakiwika. Jua lilipochomoza alikuwa maiti. Nipe mtu mmoja aliyekuona katikati ya muda huo, mmoja tu, nami niwafukuze wale walioko langoni."

"Nimeshasema. Sijibu."

"Watakunyonga."

"Wanyonge. Nimewakatalia maaskofu, nimemkatalia Malkia mwenyewe mbele ya mabalozi wa Ufaransa. Nitashindwa kumkatalia Balmerrick?"

"Basi nionyeshe mkono."

Kinnaird alisita. Kisha akafungua kitambaa mwenyewe, taratibu, bila kuondoa macho usoni pa Mungo. Hapakuwa na alama ya meno wala ya chuma. Palikuwa na malengelenge mekundu juu ya kidole gumba na nyuma ya kiganja, madoa ya mviringo yaliyofuatana. Kwenye ncha ya mkono wa kanzu yake, ndani ya mkunjo, kipande cha nta kilikuwa kimegandia, cha manjano. Mungo akakibandua kwa ukucha, akakinusa.

Ukumbini humo, kama katika kila nyumba ya pwani hiyo, taa ziliwaka kwa mafuta ya kondoo yenye harufu nzito. Nta hii ilinukia asali, kama mishumaa ya madhabahuni ya zamani.

Alitazama juu, kwenye ngazi ya mawe iliyopinda kwenda chumba cha mnarani. Kinnaird akajisogeza hatua moja, akasimama kati yake na ngazi.

"Una dada, mheshimiwa," Mungo akasema polepole. "Alikuwa mkuu wa watawa kule abasia kabla hawajafukuzwa. Nimesikia alikwenda Ufaransa."

"Umesikia vizuri."

"Samaki kule jikoni ni wa paka, basi."

"Ni wa paka."

Mungo akaitia nta kwenye mfuko wa mkanda wake. "Nakwenda abasia," akasema. "Usitoke. Na ufunge tena mkono huo."

Abasia ilikuwa imebaki mbavu tu. Wajenzi wa Balmerrick waliondoa mawe kuanzia juu, wakiyapakia kwenye mikokoteni kwa ajili ya nyumba mpya ya lodi huko chini mtoni. Mungo alipoingia, nyundo zilinyamaza moja moja. Mapipa ya chokaa ya hiyo nyumba mpya yalikuwa yamepangwa uani, yamefunikwa yasipate mvua. Mawili yalikuwa matupu.

"Chokaa hii mmeitumia wapi?" akauliza.

Msimamizi wao, Hob Gourlay, alitokea nyuma ya nguzo. Alikuwa na kofia mpya na sauti ya mtu aliyezoea kuitikiwa.

"Chokaa ni ya kujengea, bwana naibu. Unataka tuitumie kwenye uji?"

"Hapa mnabomoa."

"Tunabomoa hapa, tunajenga kule."

"Ndiyo. Kwa hiyo nani kaimwaga hapa ndani?"

Akapita mbele yake, akaingia mahali palipokuwa kanisa la watawa. Karibu na mlango, sakafu ilikuwa imetandazwa chokaa mbichi, nyeupe, upana wa kitanda. Mungo akachukua koleo kutoka mkononi mwa mjenzi aliyekuwa karibu, akaikwangua. Chini yake jiwe lilikuwa na doa la kahawia lililoingia ndani kabisa. Mjenzi yule alitazama doa, akamtazama Gourlay, akavua kofia.

"Kondoo," Gourlay akasema. "Tulichinja kondoo."

"Kanisani?"

"Sasa kanisa gani hili, bwana? Halina hata paa."

"Vizuri. Panda farasi, twende Balgarvie. Lodi wako anasubiri hukumu, nawe ndiye shahidi wake mkubwa. Utakuja kusema ulichokiona."

Gourlay alinyoosha kofia yake. Kuitwa shahidi mkubwa kulimpendeza.

Walipofika, Balmerrick mwenyewe alikuwa ameshaingia ukumbini na watu wake, mtu wa makamo mwenye mwili na pete, amekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba bila kukaribishwa. Kinnaird alisimama mbele yake kana kwamba ndiye aliyemruhusu kukaa.

"Tulloch," Balmerrick akasema, "nimechoka. Maiti ipo, kisu kipo, mkono wenye jeraha upo. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta dakika chache za shahidi wako, bwana. Gourlay, waeleze ulivyomkuta mchungaji."

"Nilikuwa napita na mikokoteni. Nikamwona kalala chini ya mtofaa. Nikakimbilia langoni kuita watu."

"Ulimgusa?"

"Hata! Mimi na maiti hatuelewani."

"Hukumgeuza? Hukufunua joho?"

"Sikugusa hata uzi wake. Naapa mbele ya bwana wangu."

"Girzel," Mungo akaita. Mpishi alikuwa mlangoni, mikono kaikunjia kwenye aproni. "Gourlay alipiga kelele gani langoni?"

"'Mchungaji kachomwa kisu cha Kinnaird.' Walisikia wote mpaka wa zizini."

"Na kisu kilikuwa wapi?"

"Chini ya joho. Mpaka nilipolifunua mimi."

Mungo akamgeukia Gourlay. "Joho hukuligusa. Ukungu ulikuwa mzito hata mtu haoni farasi wake mwenyewe. Ulijuaje kuna kisu, Hob? Tena ulijuaje ni cha nani?"

Gourlay akamtazama bwana wake. Balmerrick alikuwa anaangalia pete zake.

"Nitakwambia mimi ulivyojua," Mungo akaendelea. "Pettigrew alikufa kanisani kule abasia, kwa pigo la kisogoni. Chokaa mliyomwaga kuficha damu iko kwenye nywele zake na kwenye buti zake, kwa kuwa mlimburuta juu yake. Mlimleta hapa ndani ya mkokoteni, chini ya mawe, kwa sababu mikokoteni yenu hupita kila siku na hakuna anayeiangalia. Kisu kiliachwa mlangoni Edinburgh, nyumbani kwa bwana wako. Wewe ulikichomeka, ukafunika, kisha ukasahau kwamba umefunika."

"Yule mchungaji alisema hatoki mtu na jiwe la maskini!" Gourlay akabwata. "Alisimama mlangoni, kaninyooshea kidole mbele ya watu wangu..."

"Nyamaza, mpumbavu wewe," Balmerrick akasema kwa upole.

Lakini neno lilikuwa limetoka. Mungo akamfunga Gourlay mikono yeye mwenyewe, na hakuna hata mmoja wa watu wa lodi aliyesogea.

Balmerrick akainuka. "Sawa. Mtumishi wangu kagombana na mtu, mpeleke. Mimi sikumtuma. Ila hilo halimsafishi Kinnaird. Huenda walikuwa pamoja. Kama hakuwa abasia jana alfajiri, aseme alikuwa wapi. Umemuuliza, Tulloch?"

"Nimemuuliza."

"Akajibu?"

"Sihitaji jibu lake. Ushahidi ninao."

"Mimi nalihitaji, na Baraza litalihitaji. Sema, mzee. Mkono huo umeuumiza wapi?"

Kinnaird alimtazama tu.

"Mmeona? Anaficha. Mchukueni."

Upanga mmoja ukachomolewa. Mungo akaweka mkono kwenye wake, akijua hesabu haikuwa upande wake. Ndipo hatua zikasikika ngazini, nzito, za mtu anayeshika ukuta.

"Rudi juu," Kinnaird akasema bila kugeuka. Ndiyo mara ya kwanza siku hiyo sauti yake kutetemeka. "Dada, nakuomba. Rudi juu."

"Sirudi. Nimechoka kuwa paka wa Girzel."

Mama Eufemia Kinnaird alishuka mpaka ngazi ya mwisho. Alikuwa mzee kuliko kaka yake, kainama, mikono yote miwili ikitetemeka kwa maradhi, na alikuwa amevaa vazi lake lote la utawa, shela na vyote, vazi ambalo hakuna aliyeliona hadharani Fife tangu Bunge lipitishe sheria. Mmoja wa watu wa Balmerrick akapiga ishara ya msalaba kabla hajakumbuka kwamba dini hiyo ameiacha.

"Jana alfajiri kaka yangu alikuwa chumbani kwangu," akasema. "Palikuwa na misa. Mikono yangu haishiki kitu tena, akanishikia mshumaa. Haamini misa hata chembe. Alisimama kakunja uso mwanzo mpaka mwisho kama mtu anayeng'olewa jino. Lakini alinishikia, nta ikamwunguza, na hakuuweka chini."

Uso wa Balmerrick ukachanua. "Umesikia, naibu hakimu? Misa! Mwandishi wa sheria mwenyewe kashika mshumaa! Andika."

"Jina la padri?" Mungo akauliza, kwa kuwa ilimbidi.

"Hilo hulipati, mwanangu. Andika kwamba nimekataa."

"Unaijua sheria, mama?" Balmerrick akamwendea karibu. "Unajua kaka yako kaandika nini?"

"Naijua vizuri. Mwandiko ni wake, na kuandika nilimfundisha mimi."

"Kosa la kwanza, kunyang'anywa mali yote."

"Mali yangu ilikuwa abasia," Eufemia akasema. "Ulishaibeba, bwana. Imo kwenye ukuta wa nyumba yako. Labda uninyang'anye meno, nayo yamebaki machache."

Girzel alicheka kwa sauti pale mlangoni, kisha mtu mwingine akacheka, na huyo alikuwa wa upande wa Balmerrick. Lodi akageuka kumtafuta, hakumpata.

"Yangu ipo," Kinnaird akasema. Alikuwa amesogea akamshika dada yake kiwiko. "Balgarvie, mashamba, kinu. Tulloch, andika: Walter Kinnaird alikuwepo kwenye misa kwa hiari yake. Nimeiandika sheria hiyo; sitaikwepa kama mwizi. Ila nilipoiandika nilimfikiria askofu mwenye mashamba. Sikumfikiria kikongwe mwenye mikono inayotetemeka, na hilo nitalisema mahali nilipoiandikia."

"Utapoteza kila kitu," Balmerrick akasema.

"Ndiyo. Kisha utanitisha kwa nini?"

Balmerrick alivaa glavu zake, akawaita watu wake, akatoka.

Mungo aliandika mashtaka yote mawili mezani pale pale, la Gourlay na la misa, kwa mkono ule ule, akaweka sahihi chini ya kila moja. Alipoinua kichwa, Kinnaird alikuwa ameshavaa buti za safari.

"Kwa sheria nakupeleka Edinburgh mbele ya Baraza," Mungo akasema. "Lakini si kama mfungwa. Utapanda farasi wako, na upanga wako kiunoni."

"Na dada?"

"Ni mzee, barabara mbaya. Nitaandika hawezi kusafiri."

"Andika hataki," Eufemia akasema. Alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti alichokalia Balmerrick, shela yake kichwani, dirisha liko wazi na watu wamejaa uani wakichungulia. "Girzel! Niletee chakula changu hapa."

Kinnaird alipanda farasi bila kusaidiwa. Walipopita langoni, Mungo alimuuliza angewaambia nini wajumbe.

"Ardhi za abasia ni za shule na za maskini," Kinnaird akasema. "Nilikatizwa na vicheko vyao nikiwa hapo."